Mchungaji ananitaka nitie saini muhtasari wa kikao ambacho hakikufanyika

"Mimi ni katibu wa bodi ya kanisa letu hapa Arua, kanisa ambalo mchungaji wetu alilianzisha chini ya mwembe miaka kumi na tisa iliyopita. Tuna shule ya chekechea na msingi, na tuna mradi wa kuwalipia yatima karo kwa msaada wa usharika mmoja wa Ujerumani. Juzi wafadhili waliomba kuona muhtasari wa kikao cha bodi kilichoidhinisha ujenzi wa madarasa mawili. Kikao hicho hakikufanyika. Mchungaji aliamua mwenyewe, akampa kazi shemeji yake ambaye ni fundi, na jengo limefika kwenye linta. Sasa ameniletea karatasi iliyokwisha kupigwa chapa, yenye tarehe ya mwezi Machi na majina yetu saba, akisema nitie saini tu kwa sababu kazi inaonekana kwa macho. Mhazini wetu ni mama mchungaji. Kiwanja kilinunuliwa kwa michango ya waumini, lakini makubaliano ya mauziano yana jina la mchungaji. Yeye ndiye aliyenibatiza na kutufungisha ndoa, na simwoni kuwa mwizi. Nikikataa, nitakuwa nimemgusa mpakwa mafuta wa Bwana? Na nikitia saini, nitakuwa nimefanya kosa gani?"

Dada yangu mpendwa, nitaanza na jibu kisha nieleze sababu, kwa kuwa karatasi hiyo iko mkononi mwako na unaulizwa habari zake. Usiitie saini. Usiitie hata kama kila shilingi iliingia kwenye matofali na saruji, na hata kama wajumbe wengine sita wamekwisha kutia zao. Wafadhili wakitaka kujua kama jengo lipo, picha moja inawatosha. Muhtasari unasema jambo jingine kabisa: kwamba siku fulani watu saba walikaa pamoja, wakaulizana, wakaamua. Hilo halikutokea, na wewe ni katibu, mtu ambaye kazi yake ni kuandika lililotokea.

Barua yako ina maswali mawili uliyoyaandika na moja ambalo hukuliandika. Umeuliza kuhusu dhambi na kuhusu kosa. Lakini nadhani linalokunyima usingizi ni hili: utaishije katika kanisa hilo, pamoja na mume wako na watoto wako, baada ya kumwambia "hapana" mtu aliyekubatiza? Nitajitahidi kuyajibu yote matatu, na la tatu nitalipa nafasi zaidi.

Tuanze na mpakwa mafuta. Maneno hayo hutajwa sana makanisani kila mtu anapouliza habari za fedha, na wengi huyategemeza kwa Daudi, ambaye alikataa kumwinulia mkono mfalme Sauli kwa kuwa alikuwa mpakwa mafuta wa Bwana. Tafadhali isome tena ile sura ya 24 ya Samweli wa Kwanza, polepole. Daudi alikataa kumwua Sauli. Hakukataa kusema naye. Alitoka pangoni, akamwita kwa sauti, akainama mpaka chini kwa heshima, kisha akainua upindo wa vazi la Sauli aliokuwa ameukata na kumwambia, "Baba yangu, tazama." Alikuwa na ushahidi mkononi, na neno la heshima kinywani, kwa wakati mmoja. Mtu anayekwambia kwamba kumheshimu mtumishi wa Mungu ni kunyamaza amekusomea nusu ya habari. Unachoombwa wewe, tena, ni zaidi ya kunyamaza: unaombwa kushuhudia jambo ambalo hukuliona.

Kuhusu kosa, nitasema kwa uwazi bila kukutisha. Kama kanisa lenu limesajiliwa kuwa kampuni isiyo na hisa yenye ukomo wa dhamana, yaani ambayo wanachama wake huahidi tu kuchangia kiasi fulani ikivunjwa, kama yalivyo makanisa mengi mapya ya Uganda, linaongozwa na Sheria ya Kampuni ya mwaka 2012, na sheria hiyo inadai mihtasari ya vikao itunzwe. Muhtasari uliotiwa saini huchukuliwa kuwa ushahidi wa yaliyopita kikaoni. Ndiyo maana una thamani, na ndiyo maana wa uongo una hatari. Sheria yetu ya makosa ya jinai inaeleza kughushi kuwa ni kutengeneza waraka wa uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya. Sisemi kwamba polisi watakuja kesho. Nasema kwamba waraka unaodai kuwa wa mwezi Machi huku umepigwa chapa miezi kadhaa baadaye, tena unaotumwa kwa mtu ili aendelee kutoa fedha, unakuweka mahali ambapo siku mambo yakiharibika huwezi kusema hukujua. Jina la kwanza litakalosomwa ni la katibu.

Niliwahi kukaa kwenye bodi ya shirika moja dogo la Kikristo, na ninayokueleza hapa nimeyalipia. Mwanzilishi wetu alikuwa mtu wa maombi, hakuchukua hata shilingi isiyo yake. Vikao vilikuwa vichache. Kila mwisho wa mwaka, wafadhili walipokaribia kuuliza, karatasi zilipitishwa nyumba kwa nyumba nasi tukatia saini tukiwa tumesimama mlangoni, mimi nikiwa mmoja wao. Mzee akafariki ghafla. Kiwanja cha zahanati kilikuwa kwa jina lake, na baadhi ya watoto wake, kwa haki yao, wakakihesabu katika mirathi. Tulipokwenda mahakamani tulibeba mihtasari yetu kwa ujasiri, kwa sababu mmoja wapo, wa kweli kabisa, ulieleza kwamba kiwanja kilinunuliwa kwa fedha za shirika. Wakili wa upande wa pili hakuupinga ule wa kweli. Aliuchukua mwingine, akaonyesha jina la mzee mmoja aliyeandikwa kuwa alihudhuria na kufungua kwa sala, kisha akatoa karatasi ya hospitali: siku hiyo mzee huyo alikuwa amelazwa, amefanyiwa upasuaji. Kuanzia dakika ile hata mihtasari yetu ya kweli haikuaminika tena. Nakumbuka vizuri sana saini yangu ilivyoonekana ikiwa imeinuliwa mbele ya watu.

Umeandika kwamba humwoni mchungaji wako kuwa mwizi, nami nakuamini. Tatizo la makanisa kama lenu mara nyingi halianzii kwenye wizi, linaanzia kwenye historia. Miaka kumi na tisa iliyopita, chini ya mwembe, hapakuwa na bodi. Mchungaji alilipa kodi ya viti kutoka mfukoni mwake, mama mchungaji akapika chai ya wageni kwa sukari ya nyumbani kwake, na sadaka ya Jumapili ikawa haitoshi hata mafuta ya pikipiki. Wakati ule mfuko wa kanisa na mfuko wa familia ulikuwa mmoja kwa sababu familia ndiyo iliyokuwa ikilibeba kanisa. Kanisa likakua, shule ikaja, fedha zikaanza kutoka ng'ambo, lakini mazoea ya mwembeni hayakubadilika. Mchungaji anapoamua peke yake kuhusu madarasa mawili, anafanya kile kile kilicholifanya kanisa liishi miaka ile. Bodi inapoanza kumwuliza, yeye anasikia kwamba sadaka yake ya ujana imesahauliwa. Usipolielewa hili utaingia nyumbani kwake na maneno sahihi, na utatoka bila kitu.

Sasa tazama bodi yenyewe iliundwaje. Ni nani kati yenu saba ambaye hakubatizwa naye, hakufungishwa ndoa naye, wala hakupata kazi kwake? Katika chumba cha namna hiyo mtu akiuliza "Kuna mwenye neno?", kimya kinachofuata hakiwezi kuitwa ridhaa, maana ni kimya cha watoto mbele ya baba. Wala si kosa la mtu mmoja. Wajumbe walichaguliwa kwa sababu ni waaminifu kwa mchungaji, nao wakadhani ndiyo kazi waliyopewa. Mjumbe wa bodi anadaiwa uaminifu na kazi ile yenyewe: wale yatima wanaolipiwa karo, waumini waliotoa michango, na madhumuni yaliyoandikwa kwenye katiba yenu. Mara nyingi uaminifu huo na ule kwa mchungaji hutembea njia moja. Siku zikiachana, bodi hufuata madhumuni.

Fedha nazo zina utaratibu wake. Kila shilingi inayopita katika kanisa inahitaji mambo manne: mtu wa kuidhinisha itumike, mtu wa kuishika, mtu wa kuiandika, na mtu wa kukagua kama ilikwenda ilikosemwa. Mambo hayo yakiwa katika mkono mmoja, au katika nyumba moja, mwaminifu na mdanganyifu hawawezi kutofautishwa. Hapo ndipo ubaya ulipo, na unamwumiza zaidi aliye mwaminifu. Mtu akizusha sokoni kwamba mchungaji amejengea nyumba yake kwa saruji ya shule, mchungaji wenu hana karatasi ya kumtetea, kwa kuwa aliyeidhinisha ni yeye, aliyelipa ni mkewe, na aliyepokea ni shemeji yake.

Katika Wafalme wa Pili, sura ya 12, kuna habari ambayo ningependa isomwe mwanzoni mwa kila kikao cha bodi. Mfalme Yehoashi aliagiza fedha za hekalu zipokewe na makuhani ili watengeneze palipobomoka. Mwaka wa ishirini na tatu wa kutawala kwake palipobomoka bado palikuwa vile vile. Maandiko hayasemi makuhani waliiba. Mfalme hakumfukuza mtu, alibadilisha utaratibu: wakaweka sanduku lenye tundu kwenye kifuniko, na lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja wote wawili, wakahesabu pamoja, wakafunga mifukoni, ndipo fedha zikatolewa kwa waliosimamia mafundi. Watu wawili, wa ofisi mbili tofauti, juu ya sanduku moja. Najua mbele kidogo sura hiyo inasema wale waliokabidhiwa fedha za kuwalipa mafundi hawakudaiwa hesabu kwa sababu walitenda kwa uaminifu, na mstari huo hupenda kutolewa peke yake. Uaminifu huo ulikuja baada ya fedha kuhesabiwa na wawili na kutolewa kwa kazi moja inayojulikana. Mtume Paulo naye alipopeleka mchango Yerusalemu alifuatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili, kama anavyowaandikia Wakorintho, mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia.

Wapo katika bodi yenu watakaosema kwamba vikao na mihtasari ni mambo ya wazungu. Wajibu kwa upole kwamba wafadhili wanaulizwa huko kwao na waumini wao na serikali yao, kama nasi tunavyoulizwa huku. Tena nchi yetu iliwekwa mwezi Februari 2020 kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu na FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha, ikatolewa Februari 2024. Hata baada ya kutolewa, benki na wafadhili hawajaacha mazoea ya kuuliza maswali mengi. Kuulizwa muhtasari si kudharauliwa.

Nini basi kiko mbele yako? Unaweza kutia saini na kunyamaza, na sababu za kutofanya hivyo nimezitoa. Unaweza kujiuzulu leo, na ningekuelewa, lakini karatasi hiyo itapelekwa kwa katibu mpya ambaye huenda ni kijana asiyejua anachotia saini. Unaweza kuwaandikia wafadhili moja kwa moja au kusimama Jumapili mbele ya waumini. Njia hiyo ina siku yake, lakini siku hiyo ni baada ya njia nyingine kuzibwa, kwa sababu kanisa likigawanyika katikati ya mwaka wa masomo, watakaoumia kwanza ni watoto walio darasani. Njia ninayokushauri ni ya nne, nayo ni rahisi kuieleza kuliko kuitembea: ukatae karatasi hiyo, na papo hapo utoe njia ya kweli ya kupata kile ambacho mchungaji anakihitaji.

Nenda ukamwone nyumbani kwake, siku isiyo Jumapili, ukiwa na mume wako au mzee mmoja wa kanisa ambaye mchungaji anamheshimu. Usiende peke yako, na usiende na kundi. Anza na mwembe. Mwambie wazi kwamba unajua alichokitoa. Kisha mwambie neno kama hili: "Baba Mchungaji, siwezi kuandika kwamba tulikaa wakati hatukukaa, kwa sababu siku mtu akikushtaki, muhtasari huo ndio utakaokuangusha. Lakini tukikaa wiki ijayo nitaandika kila kitu, na nitauandaa muhtasari usiku huo huo." Ikiwezekana uwe umekwisha kuandika ajenda na barua ya mwaliko, ili abaki na jambo moja tu la kusema, nalo ni ndiyo.

Hapa kuna jambo ambalo wajumbe wengi hawalijui, nalo huondoa mzigo mkubwa. Bodi inaweza kukaa leo na kuridhia jambo lililofanyika jana, mradi iseme ukweli na itumie tarehe ya leo. Wala si kila uamuzi unahitaji watu wakae chumba kimoja: katiba yenu ikiruhusu, azimio linaweza kuzungushwa kwa maandishi na kutiwa saini na wajumbe wote, kila mmoja akiandika tarehe ya kweli aliyotia. Kwa hiyo muhtasari wenu unaweza kusomeka hivi: "Bodi ilipokea taarifa ya Mchungaji kwamba mwezi Machi alianzisha ujenzi wa madarasa mawili bila uamuzi wa bodi. Wajumbe walitembelea jengo, wakapitia risiti na stakabadhi za malipo yaliyofanyika hadi leo, na wakaridhia ujenzi uendelee kwa masharti yafuatayo." Andika nani alikuwepo, nani hakuwepo, na kama kuna aliyepinga, liandikwe jina lake. Nakala ya muhtasari huo iende Ujerumani pamoja na barua fupi inayokiri kwamba kikao hakikufanyika mapema kama ilivyopasa na kueleza kilichobadilishwa.

Sitakudanganya kwamba barua hiyo haina gharama. Huenda wafadhili wakazuia awamu inayofuata kwa muda, huenda wakataka mkaguzi wa hesabu. Katika kazi hii nimewaona wafadhili wakisamehe kuchelewa na kutojua, tena mara nyingi. Sijawaona wakisamehe waraka wa uongo walioupata wenyewe.

Kuhusu shemeji fundi, hakuna sheria ya mbinguni wala ya Uganda inayosema ndugu wa mchungaji asifanye kazi ya kanisa. Katika mji kama wenu pengine ndiye fundi mzuri na wa bei nafuu. Kinachotakiwa ni kwamba mwenye undugu autaje wazi, uandikwe, atoke nje wakati wengine wakijadili, na wanaobaki walinganishe bei yake na za mafundi wengine wawili. Kwa kuwa jengo limefika kwenye linta, bodi imwombe mtu mwingine anayejua ujenzi alipime na kusema kama fedha zilizotumika zinalingana na kazi iliyopo. Ikionekana zinalingana, mtakuwa mmemvisha shemeji heshima ambayo sasa hana.

Hazina ni jambo gumu zaidi, kwa sababu linagusa nyumba. Mama mchungaji anaweza kuwa mhazini hodari kuliko wote mlio nao. Lakini saini mbili za nyumba moja ni saini moja. Wazee wa kanisa wakimwachia aendelee na kazi nyingine ya heshima, na watia saini wa benki wakawa watatu kutoka familia tatu, huku malipo yakihitaji wawili wao, mtakuwa mmefanya kama Yehoashi: mmebadilisha utaratibu bila kumtia mtu doa. Msikubali hundi zitiwe saini zikiwa tupu "ili mchungaji asihangaike akisafiri". Nimeviona vitabu vizima vya hundi vimetiwa saini ya pili kuanzia jani la kwanza hadi la mwisho. Na kama zaka na sadaka zinatumwa kwa simu kwenye namba ya mchungaji mwenyewe, kama ilivyo karibu kila mahali siku hizi, sajilini namba kwa jina la kanisa, na isomwe mbele ya waumini ili wajue wapi pa kutuma.

Ardhi ndiyo inayonitia hofu kuliko vyote, zaidi hata ya muhtasari. Leo mchungaji ni mzima na mnapendana. Lakini makubaliano ya mauziano yenye jina lake na muhuri wa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, yanasema kiwanja ni chake, na akifariki, kitaingia katika mirathi yake. Wanawe hawatakuwa wamekosea kukidai. Ili kiwanja kiandikwe kwa jina la kanisa, lazima kanisa liwe mtu mbele ya sheria, kwa hiyo hatua ya kwanza ni kujua mmesajiliwaje. Nenda kwenye ofisi ya URSB, idara ya serikali inayosajili kampuni, au mtume mtu, ulipe ada, uombe kupekua faili lenu. Huenda ukakuta wakurugenzi ni mchungaji, mkewe na rafiki aliyekwisha kuhama, na kwamba ninyi saba mnaoitwa bodi hamumo kabisa. Ni afadhali kulijua hilo sasa.

Makanisa ya zamani, Kanisa la Uganda na Kanisa Katoliki, hushikilia ardhi zao kupitia wadhamini waliosajiliwa, na sheria iliyowezesha hilo ni ya mwaka 1939: wadhamini hufa au kubadilishwa, lakini chombo chao hubaki, nacho ndicho kinachoandikwa kwenye hati. Kampuni isiyo na hisa nayo inaweza kumiliki ardhi. Wakati mnashughulikia usajili, mwombeni mchungaji atie saini tamko kwamba anakishikilia kiwanja kwa niaba ya kanisa, likishuhudiwa na majirani, wazee wa ukoo uliowauzia na mwenyekiti wa LC1. Kama familia yake inaishi hapo au inalima hapo, Sheria ya Ardhi inataka pia ridhaa ya mkewe, basi nayo iwe ya maandishi. Na kwa kuwa ardhi nyingi ya huko kwenu ni ya kimila, ulizeni kamati ya ardhi ya eneo lenu kuhusu cheti cha umiliki wa kimila. Pendekezo hili mlilete kama ulinzi kwa watoto wa mchungaji, maana ndivyo lilivyo: hakuna urithi mchungu kuliko kesi dhidi ya kanisa la baba yako.

Kabla ya kikao, isomeni katiba yenu kwa sauti. Karibu kila bodi niliyoitembelea ilikuwa na katiba ya Kiingereza iliyonakiliwa kutoka shirika jingine, imefungiwa kabatini, na nusu ya wajumbe hawajawahi kuisoma. Mtafuteni mtu awatafsirie kwa Kiswahili kifungu kwa kifungu jioni moja. Mtajua akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotosha kikao kuwa halali, ni wangapi, nani anaitisha kikao, na kama mjumbe anaweza kuondolewa. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na hakuna aibu bodi ikijadiliana kwa lugha ambayo wote wanaielewa, hata kama nyaraka za usajili ni za Kiingereza.

Nimesema nitarudi kwenye lile swali ambalo hukuliandika. Inawezekana mchungaji akakasirika, ukaondolewa kwenye ukatibu, na watu wakakwepa macho yako mlangoni mwa kanisa. Imewapata wengine na ni maumivu ya kweli. Lakini nimeona pia wachungaji waliokasirika mwezi wa kwanza na kushukuru mwezi wa sita, kwa sababu kwa mara ya kwanza walilala bila kubeba peke yao deni la duka la vifaa vya ujenzi. Mpe muda. Zungumza na mume wako kabla ya hatua yoyote, ili mkiumia muumie pamoja.

Yako mambo ambayo barua kama hii haitoshi, na yakitokea tafuta mtu wa kukaa naye ana kwa ana. Ukigundua kwamba saini yako imekwisha kuwekwa na mtu mwingine, mwone wakili mara moja. Ukigundua kwamba karo za yatima hazijafika shuleni, au kwamba vitabu vya fedha vimeanza kupotea, usingoje kikao: mwite mhasibu aliyesajiliwa na chama cha wahasibu, ICPAU, na uwajulishe wajumbe wote kwa maandishi. Kama kanisa lenu liko chini ya askofu au umoja wa makanisa, mwendee kiongozi huyo ikiwa mchungaji atakataa kuitisha kikao kabisa. Kama mradi wa yatima umesajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2016, ipo kamati ya wilaya inayofuatilia mashirika hayo, na mnaweza kuiomba ushauri kabla haijaja yenyewe. Usipokuwa na fedha za wakili, uliza kuhusu mradi wa msaada wa kisheria wa Chama cha Wanasheria wa Uganda.

Na karatasi ile ya Machi usiichane wala usiifiche. Piga nakala yake, uiweke nyumbani pamoja na barua yako fupi yenye tarehe, ukieleza ulipewa lini na kwa nini hukutia saini. Yenyewe mrudishie mchungaji mkononi mwake, ikiwa safi kama ulivyoipokea, siku ile ile utakapompelekea ajenda ya kikao cha kweli.